Sauti Yenye Utando

Hakuna kitu chini ya jua la Dodoma kinachoweza kunishangaza mimi katika mambo ya sauti. Nimemwona mhubiri akihubiri saa nzima kwenye maiki iliyokufa na watu wakaokoka vilevile. Nimeona amplifaya ikishika moto wakati wa kukata keki, bibi harusi akapiga makofi akidhani ni fataki zake. Nimefunga mziki kwenye harusi, vipaimara, misiba na mikutano ya injili, kutoka Mpwapwa hadi Mvumi, miaka ishirini na ushee, kwa mikono hii hii. Shule niliiachia darasa la tano. Sisemi kwa kujitetea. Nasema ili ujue kwamba waliokaa darasani mpaka wakaota mvi ndio wanaonipigia simu wiki ya harusi wakiniita mzee wangu, tuokoe.

Kwa hiyo watu wakibishana spika ipi ni bora, mimi siingii kwenye ubishi. Mimi ndiye mwisho wa ubishi.

Kijijini kwetu, nje ya Mpwapwa, tulikuwa na redio moja, ya baba, na betri tulinunua kwa msimu. Zikichoka hatukuzitupa. Tulizipandisha juu ya paa la udongo la tembe yetu, zikaanikwa pamoja na majani ya mlenda, zikashinda juani, na jioni zikarudi na uhai wa taarifa ya habari na nyimbo mbili. Wimbo wa tatu ulianza kukwaruza, ukasinyaa, ukawa kama wa mtu anayeimba amefunikwa blanketi, kisha kimya. Mimi, nikiwa na miaka kama tisa, ndiye niliyegundua kwamba redio ile ukiitumbukiza ndani ya mtungi mtupu, sauti inanenepa. Hakuna aliyenifundisha. Mama alinichapa, maana maji ya mtungi yalinuka betri siku tatu, lakini nakumbuka baba alimwambia, "Mwache kwanza, wimbo uishe."

Hiyo ndiyo besi yangu ya kwanza duniani.

Kutoka hapo nikauza betri mnadani, nikanunua redio mbovu, nikazifungua. Nyingine niliziua, nyingine zikafufuka. Leo nina nyumba mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, yenye vigae, nina gari la kubebea mziki, na nina masanduku mawili ya spika ya mbao za mninga. Mninga kweli, siyo zile mbao za pumba ambazo zikionja mvua zinavimba kama andazi. Seremala nilimsimamia mwenyewe. Kila ubao niliugonga kwa kidole na kuutegea sikio kabla haujakatwa, akafika mahali akaniuliza kama naununua au nautibu. Kila sanduku linabebwa na wanaume wanne, na mmoja lazima alalamike mgongo. Ukiyafunga Mvumi, anayechunga ng'ombe ng'ambo ya mlima anacheza. Kanuni yangu ilikuwa moja: sauti nzuri ni ile inayofika.

Sasa, nina shemeji, mdogo wake mke wangu. Alihamia Dodoma pamoja na ofisi za serikali, akaja na hedifoni zinazolala kwenye kasha lenye kitambaa laini ndani, kama miwani ya askofu. Jumapili akija kula kwetu, anazishusha shingoni kwanza ndipo anasalimia.

"Shikamoo, shemeji. Majirani bado hawajakushitaki?"

"Marahaba. Wanishitaki kwa lipi, wakati wanasikiliza bure?"

"Ile siyo sauti, shemeji. Ile ni kelele iliyovaa suti."

Siku moja akanivisha. Akaweka wimbo wa zamani ambao nimeupiga kwenye harusi mpaka flashi yake imepauka. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi. Nikamsikia ulimi wake ukibanduka kwenye meno. Nyuma yake kuna mtu akasogeza kiti.

"Umeona?" shemeji akasema, kanikodolea macho kama mtu aliyekupa dawa anangoja upone. "Kila kitu kimo!"

"Nimesikia mate," nikamjibu, nikamrudishia mali yake. "Wimbo huu nimeupiga harusi mia. Hakuna bwana harusi aliyewahi kuniomba mate ya mtu."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Lakini kuna jambo sikulisema mezani. Ndani ya wimbo ule nilisikia gitaa la pili, jembamba, linapita nyuma kwa nyuma kama panya darini, na miaka yote ile sikujua lipo. Kesho yake nilisimama mbele ya masanduku yangu nikilitafuta. Nikapandisha, nikashusha, nikainama sikio likagusa kitambaa cha spika. Halikuwepo. Nikasema basi, halihitajiki.

Ndipo ikaja sendofu ya binti yangu mkubwa. Binti wa watu hatoki kwao kimyakimya siku hizi: kabla ya harusi ya kwa mume kuna sherehe ya kwao ya kumuaga, na kabla ya sherehe kuna kamati, ina mwenyekiti na katibu, inakaa kila Jumapili kwenye viti vya plastiki uani kwangu na kumaliza soda zangu. Katibu alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, mtu wa kuandika hata kikohozi. Tukafika kwenye kipengele cha mziki.

"Hapo weka vema tuendelee," nikasema. "Mziki ni wa baba."

Wakatazamana. Kutazamana kwa watu waliokwisha zungumza bila wewe.

"Baba, usikasirike," binti yangu akaanza. Ni muuguzi, ana sauti ile ya kukuambia sindano haiumi. "Mziki wako unanguruma. Wakwe zangu wanatoka Dar. Hata hotuba yako..."

"Hotuba yangu wataisikia mpaka Morogoro!"

"Wataisikia, baba. Hawataielewa."

Kamati nzima ilicheka, na shemeji yangu akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mimi sikucheka. Yule binti amesoma uuguzi kwa masanduku yale. Kila ada, kila sare, kila nauli ya kwenda na kurudi chuoni ilitoka kwenye mninga ule, kwa mimi kushinda juani kwenye harusi za watu nikila pilau la mwisho lenye ukoko. Leo aagwe kwa mziki wa mtu mwingine? Mbele ya wageni? Watu wangesema nini: fundi wa kila harusi, ya kwake imemshinda?

Nikasimama. Nikisimama mimi, hata kuku wanajua.

"Shemeji, lete hiyo spika safi unayoihubiri. Tufunge shuka, spika zikae nyuma, watu mbele. Mfugaji anamjua ng'ombe wake gizani kwa mlio. Na mimi nitalijua sanduku langu. Nikikosea, mziki wa mjini naukodi mwenyewe, kwa mfuko wangu siyo wa kamati, na masanduku yangu hayakanyagi ukumbini. Nikipatia, mtu asinitajie tena neno kunguruma."

"Niandike?" katibu akauliza.

"Andika kwa wino."

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, shuka la maua likafungwa kwenye kamba ya nguo. Nyuma yake likawekwa sanduku langu moja, na spika ambayo shemeji aliiazima kwa watu wanaokodisha mziki mjini. Nikadhani tumemaliza. Mke wangu akatoka jikoni na kispika chake kidogo cha mnadani, ukubwa wa kopo la kahawa, kile anachosikilizia kwaya akipika. Kiliwahi kutumbukia kwenye uji wa ulezi, na tangu siku ile mpira wake una ufa.

"Na hiki kishindane," akasema. "Nacho kinakula umeme wa humu humu."

Tukamkubalia ili acheke afurahi. Shemeji akazisawazisha zote tatu kwa simu yake inayopima sauti, isiwepo inayopiga juu kuliko mwenzake. Nililalamika kidogo. Sanduku langu halijazoea kunong'ona. Lakini nikaona nikilalamika sana watasema nimeanza kukimbia.

Wimbo wa kujaribia tuliuchagua wote: baba yangu mdogo akipiga ilimba. Yeye anaishi upande wa Mvumi na alikuwa amefika kwetu kwa ajili ya sherehe, maana ndiye angempigia mjukuu wake siku ya kumuaga, na shemeji alikuwa amemrekodi kwa simu. Kwa asiyeijua, ilimba ni sanduku la mbao lenye vyembe vya chuma, unavipiga kwa vidole gumba. Nasi Wagogo hatuiachi ikalia hivi hivi. Kwenye mbao linatobolewa tundu, na juu ya tundu unabandikwa utando mweupe wa buibui, ule anaofungia mayai yake. Ukipiga chuma, utando nao unatetemeka, na sauti inatoka na nyuki ndani yake. Isipokuwa na nyuki, mzee atakuambia ilimba hiyo bado imelala, iamshe kwanza ndipo uje kutuimbia.

Nikakaa kiti cha mbele. Nikafumba macho, ingawa shuka lilikuwepo.

Ya kwanza ikalia. Safi. Safi kama sahani iliyooshwa na kufutwa, haina hata harufu ya chakula.

Ya pili ikalia, na nywele za mikono zikasimama. Nyuki walikuwepo wote. Nilimsikia baba mdogo kama nilivyomsikia nikiwa nimelala chali juu ya tembe, yeye ana ndevu nyeusi bado. Ya tatu ikaja nzito, imevimba, kama mtu anaongea na tonge la ugali mdomoni.

Sikungoja kuulizwa. "Ya pili ni sanduku langu! Hiyo ya tatu ni ya shemeji, imekufa, tafuteni jeneza."

"Una hakika, mzee?" katibu akauliza, kalamu juu.

"Mimi? Andika!"

Wengine wakanyoosha mikono. Baba mdogo, ya pili. Shangazi yangu, ya pili. Kina mama wote wa kwaya, ya pili. Binti yangu na rafiki zake, na katibu, ya kwanza. Ya tatu haikupata mkono hata mmoja.

Mke wangu akalivuta shuka taratibu, kama anafunua sinia la wakwe. Ya kwanza ilikuwa spika ya mjini. Ya pili ilikuwa kispika cha uji. Ya tatu, mzigo wa wanaume wanne, mninga wangu, unang'aa polishi niliyoupaka jana yake.

Sitaki kusema nilishangaa. Nilisimama tu.

"Mume wangu," mke wangu akasema, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, "miaka yote ungesema. Ningekupikia uji mwingine."

Walicheka watu mpaka mbwa wa jirani akaitika. Binti yangu peke yake alijaribu kuzuia, akashindwa, akakimbilia ndani. Shemeji, naye kwa ustaarabu wake unaoudhi kuliko dharau, akanieleza polepole. "Shemeji, ule siyo utando uliousikia. Ni mpira uliopasuka. Spika inakwaruza. Ni uchafu."

Baba mdogo akageuka. "Na utando wangu ni nini, mwanangu? Si nyumba ya buibui niliyompora?"

"Lakini wewe, baba, umeubandika makusudi."

"Na hiki kispika, ufa wake kaubandika Mungu. Wewe unamkosoa?"

"Nimekosea sanduku," nikasema, "sauti sikukosea!"

"Dau lilikuwa la sanduku," akasema katibu, akageuza daftari ili nisome mwandiko wake. Mwandiko mzuri. Wa mwalimu.

Nimeshindwa, sawa. Lakini hata leo sijasema samahani, na sisemi. Watu wanadhani nilikuwa nadai kwamba tofauti ya sauti haipo. Nani kasema haipo? Mimi niliyelitafuta gitaa moja asubuhi nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo, ndiye wa kuambiwa? Tofauti ipo, na inauma. Ninachokataa ni mtu wa kiwandani, ambaye hajawahi kubandika utando kwenye tundu kwa mate yake, kunipangia tofauti ipi ni sauti na ipi ni uchafu. Akisema sauti safi, muulize: imesafishwa nini? Na aliyeoshwa akatoka na yale maji ni nani?

Kilichoniuma hakikuwa dau. Ni ile mikono ya spika ya tatu, ambayo haikuwepo. Jumatatu nilikaa na sanduku langu nikalipigia ule wimbo wa baba mdogo kwa sauti ya chini, mara sita, saba. Binti yangu alisema kweli. Masanduku yangu yanajua kupaza. Kuongea taratibu hayajafundishwa, na aliyeyatengeneza naye hajafundishwa.

Nikaenda mjini nikakodi. Siku ya sendofu vikasimamishwa vinguzo vya spika, vyembamba vyeupe, vimekaa kama mishumaa ya altare, na fundi mitambo wao akakaa nyuma ya meza yenye vitufe vingi, hanisalimii, hajui mimi ni nani kwenye mji huu. Nilisoma hotuba yangu. Nikafika mahali pa kusema, "Mwanangu, hapa ni kwenu siku zote," nikavuta pumzi mara mbili, na zile spika safi zikambebea kila mtu pumzi yangu mpaka meza ya mwisho. Nilisikia mate yangu mwenyewe yakimezwa, ukumbi mzima. Watu walilia. Masanduku yangu yangenificha.

Hilo nimelikiri. Basi, msiniombe zaidi.

Ikafika zamu ya ilimba. Baba mdogo akakaa kwenye kigoda mbele ya maiki, kina mama wa kwetu wakasimama nyuma ya binti yangu, ili aende akicheza kuelekea kwa babu yake, ampigie magoti apewe baraka. Baba mdogo akaanza. Nyuki wakasikika mara moja tu, kisha nikamwona yule fundi anakunja uso, anagusa kitufe, na nyuki wakapotea. Vikabaki vyuma vitupu, tin, tin, tin, kama mtu anahesabu vijiko.

Baba mdogo akaacha kupiga. Akainua ilimba machoni, akautazama utando. Akalamba kidole, akaubonyeza, akaanza tena. Tin, tin. Akaacha tena. Mzee alidhani utando wake umepasuka mbele ya wakwe. Binti yangu mguu mmoja umeshatangulia, hajui aende au arudi, akanitazama mimi. Siyo shemeji, siyo mwenyekiti wa kamati. Mimi.

Nikaenda mezani.

"Kijana, rudisha ulichokitoa."

"Mzee, kuna mkwaruzo kwenye chombo chake. Nausafisha."

"Huo mkwaruzo ndio tuliokuja kuusikiliza. Rudisha."

"Mzee wangu, nikirudisha wageni watasema mziki mbovu, na mziki una jina la kampuni. Kaa kwenye kiti, niachie kazi."

Niachie kazi! Nikaushika ule waya mnene wa maiki pale unapoingia kwenye meza yake, nikaung'oa. Ulitoka na kitu.

Spika zikazima ukumbi mzima. Nikapaza sauti, na ya kupaza ninayo: "Baba mdogo, piga hivyo hivyo!"

Akapiga. Waliokaa nyuma hawakusikia kitu, sitadanganya. Ikabidi wainuke. Wakaja na viti vyao, wengine wakaviacha, wakasogea wakajaa, wakainama, na nyuki wakawa wanavuma katikati ya watu mia mbili walionyamaza. Mama mkwe wa binti yangu, mama wa Dar mwenye kilemba kirefu kama mnara, alivua viatu ili visigonge sakafu. Binti akacheza. Akaenda taratibu, akapiga magoti, babu yake akamwekea mkono kichwani bila kuacha kupiga kwa gumba lililobaki. Sijafunga mziki wowote uliowahi kunyamazisha watu hivyo, na sijui kama nitaufunga.

Walipomaliza, shemeji akanijia na kipande cha plastiki kiganjani.

"Shemeji, umeng'oa na tundu lake."

"Weka kwenye bili yangu."

"Ungeniambia mimi tu. Ni kitufe kimoja kile, ningekibonyeza."

"Ungekibonyeza ukimaliza kunieleza."

Akafikiri. "Hilo ni kweli," akasema, akacheka, na zile hedifoni siku hiyo hakuwa nazo shingoni.

Kesho yake watu wa mziki walinipigia simu, wakali, wakitaka niombe radhi kwa fundi wao. Nikawaambia radhi sina, pesa ninayo, chagueni. Wakachagua. Kukodi ilikuwa laki sita na nusu, tundu la waya elfu sabini na tano, na makato ya kuwatumia kwa simu elfu saba na mia nne. Nikatuma yote nikiwa nimesimama uani, sijuti hata senti: shilingi laki saba, elfu thelathini na mbili na mia nne.